Maji Ni Kipengele cha Tisa

Jana usiku niliota ndoto, na naiandika kwa sababu ina watoto ndani yake. Kama huna mtoto, soma tu uburudike. Kama unaye, na mtaani kwenu kuna tamasha, tafadhali soma mpaka chini.

Huku kwetu, nje kidogo ya Mbeya mjini, kila mwaka mijakaranda ikichanua na mvua hazijaanza, mtaa hufanya tamasha kwenye uwanja wa shule. Kuna kuvuta kamba, mbio za magunia, kufukuza kuku, muziki mkubwa, na watoto wa halaiki. Mwanangu Sekela, wa darasa la pili, mwaka huu yumo kwenye halaiki. Wamefanya mazoezi wiki tatu. Wanavaa sketi za karatasi laini za rangi ya waridi, ile karatasi ya kutengenezea maua ya sherehe, kisha wanajipanga wanakuwa ua moja kubwa. Ni vizuri. Sikatai.

Basi nipo uwanjani. Jua liko utosini. Watoto wamepangwa mistari minane tangu saa mbili asubuhi, mikono juu, na hakuna aliyewaambia washushe. Sekela yuko mstari wa nne, wa kwanza kabisa. Midomo imempauka, anailamba, inapauka tena.

Nina kikombe cha maji mkononi. Navuka kamba. Hatua ya tatu nazuiwa na Ratiba.

Ratiba ni karatasi yenye urefu wa mtu mzima, imepigwa mhuri kifuani na imevaa viatu vilivyong'arishwa. Nikamwamkia, maana alionekana kanizidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Unaelekea wapi?"

"Nampelekea mtoto maji."

Akainama, akajisoma tumboni kwa kidole. "Maji ni kipengele cha tisa."

"Sasa hivi tuko cha ngapi?"

"Hatujaanza. Cha kwanza ni kuwasili kwa mgeni rasmi."

"Lakini mtoto ana kiu sasa hivi."

"Kiu haipo kwenye ratiba," akasema, bila ukali wowote. "Ingekuwepo ningeiona." Akatoa mhuri mfukoni, akaugonga juu ya kikombe changu. Maji yakawa magumu kama kioo. Nikageuza kikombe juu chini, hayakumwagika.

Nikatazama uwanja mzima. Kweli hakuna kilichokuwa kimeanza. Timu mbili za kuvuta kamba zimeegemea nyuma, kamba imekaza, lakini hakuna anayevuta. Moshi wa mchoma mahindi umepanda mpaka usawa wa kidevu chake, ukasimama. Pale meza kuu, mzee mmoja alikuwa ameshikwa na chafya tangu saa tatu. Kichwa kakirudisha nyuma, mdomo wazi, anasubiri kama wengine.

Chini ya meza alikuwepo kuku wa mashindano, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mimi nasubiri kufukuzwa," akaniambia, nami sikuwa nimemuuliza. "Sijui kama umewahi kusubiri kufukuzwa, mama. Afadhali kufukuzwa kwenyewe."

Hapo mshereheshaji, kijana mmoja wa suti ya njano anayeitwa Ambokile, akashika maikrofoni. "Tuwapigie makofi watoto wetu! Watoto ndio pambo la tamasha!"

"Pambo! Pambo! Pambo!" yakaitikia maspika, yenyewe.

Na kamati ikatokea na ngazi na kopo la pini.

Naangalia, naona mstari wa mbele unageuka. Unaanzia miguuni. Mtoto anakuwa bapa, anakuwa mwepesi, magoti yanakuwa karatasi, tumbo linakuwa karatasi, mwishoni kichwa. Wakishakuwa karatasi kamati inawaokota wawili wawili, inawabandika kwa pini kwenye ukingo wa turubai. Upepo ukipita wanapepea. Na wazazi, jamani, wazazi wametoa simu wanapiga picha!

Jirani yangu Mama Lusajo alikuwa amepanda juu ya stuli ili apate vizuri.

"Wa kwangu yule, wa tatu kutoka kwenye nguzo! Kapendeza jamani!"

"Mama Lusajo, mwanao amekuwa karatasi."

"Si ndiyo maana katulia? Nyumbani hashikiki."

"Karatasi, Mama Lusajo! Ataliaje? Atakulaje?"

"Wewe naye kila kitu unakikuza. Mwaka jana ulisema muziki utawatoboa watoto masikio, yako wapi masikio yaliyotoboka? Ngoja mgeni rasmi aje amwone mwanao, utafurahi mwenyewe."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, Bwana Mwakalobo. Alikuwa na beji nne, zote zimeandikwa jina lake.

"Mama Sekela, nakuomba usitutie aibu," akanianza kabla sijasema. "Watu wametoka mbali."

"Watu gani? Mgeni mwenyewe hajafika!"

"Ndio hao hao."

"Bwana Mwakalobo, watoto wanakauka."

"Mgeni amepiga simu. Yuko njiani."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu juzi."

"Basi nionyeshe hiyo njia nimfuate."

Akanionyesha nyuma ya turubai, tena kwa adabu. Nikainua pazia, nikapita.

Nipo sebuleni kwa mtu. Makochi, kabati la vyombo, televisheni, na katikati ya sebule inapita barabara ya lami. Ni barabara kabisa, ina mstari mweupe, ina kivuko cha pundamilia mbele ya televisheni, na kibao cha kupunguza mwendo karibu na mlango wa jikoni. Katikati ya lami, juu ya kigoda, ameketi mgeni rasmi. Amevaa singlendi na suruali ya suti. Anachovya chapati kwenye chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama pembeni, utagongwa."

Hapakuwa na gari lolote. Nikasimama pembeni.

"Mzee, tumeambiwa uko njiani."

"Kwani hapa ni wapi?" Akagonga lami kwa kandambili. "Mimi sijawahi kumdanganya mwananchi."

"Basi tuondoke. Watoto wanakusubiri juani tangu saa mbili."

"Uwanja umejaa?"

"Umejaa."

"Wamechoka?"

"Wamechoka sana, mzee. Wanakaribia kuanguka."

Akatafuna, akafikiri. "Wanakaribia, au wameanguka?"

"Wanakaribia."

"Basi bado kidogo. Mtu aliyechoka vizuri ndiye anayepiga makofi ya kweli. Ukifika mapema wanakupigia ya kujikung'uta vumbi tu. Mimi nina uzoefu, mama."

Mkono wangu uliifikiria ile chai, ukaifikiria na ile singlendi nyeupe. Lakini nimelelewa, nikauzuia.

"Mzee, na wewe una watoto?"

"Ninao wanne."

"Wako wapi saa hizi?"

"Wako kivulini," akasema, akamega chapati nyingine.

Sikuaga. Nikashuka kwenye lami, nikakanyaga zulia, na zulia likawa nyasi. Nimerudi uwanjani.

Mstari wa tatu walikuwa wameshauning'iniza. Kwa Sekela walikuwa wameanza. Bega la kulia lilikuwa na pini tayari, kwenye turubai, na mwili ulikuwa karatasi mpaka shingoni. Uso ulikuwa bado wake.

"Mama," akasema polepole, "naruhusiwa kushusha mikono?"

"Shusha, mwanangu."

"Mwalimu amesema mpaka mgeni aje."

"Nimekwambia mimi mama yako, shusha!"

Akajaribu. Mikono ilipepea tu.

Nikamgeukia mwenyekiti, hayupo. Nikamgeukia Ratiba, anajisoma. Nikawatazama wazazi wenzangu, simu ziko juu, kila mmoja anamtafuta wa kwake kwenye kioo. Watu mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeona vibaya. Hilo ndilo lililonichoma kuliko pini.

"Kile kiti pale," akasema kuku kutoka chini ya meza. "Kakikalie. Mimi ningekwenda, lakini unaiona miguu yangu."

Kiti chenyewe, cha mgeni rasmi, kilikuwa kochi la sebuleni kwa mwenyekiti, limetandikwa vitambaa vya kufuma, na juu yake kuna mwavuli. Kivuli chote cha uwanja ule kilikuwa juu ya kochi tupu.

"Nikikukalia utasema nini?" nikaliuliza.

"Mimi?" likasema kochi. "Sina la kusema. Sura ya mtu sijawahi kuiona, namfahamu kwa upande ule mwingine tu. Hao waliosimama mbele yako ndio wanaojua la kufanya."

Nikakaa.

Uwanja mzima ukasimama. Makofi, vigelegele. Timu za kamba zikaanguka chali. Moshi wa mahindi ukapanda. Chafya ya yule mzee ikatoka kwa nguvu, ikapeperusha vitambaa vya mezani. Bwana Mwakalobo akaja ameinama, viganja vimefungana.

"Karibu sana, mheshimiwa. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

"Bwana Mwakalobo, ni mimi, Mama Sekela."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Ratiba akasonga mbele. "Kipengele cha kwanza kimekamilika. Cha pili, mgeni rasmi kuvishwa skafu. Cha tatu, utambulisho wa meza kuu, watu arobaini na saba. Cha nne, risala ya kamati. Cha tano, risala ya wazee. Cha sita—"

Nikamtazama Sekela. Kidevu kilikuwa kimeshakuwa karatasi.

Nikamnyang'anya Ambokile maikrofoni. Mimi nimeishia darasa la saba, hotuba sijawahi kutoa hata kwenye kikao cha wazazi. Lakini wakubwa nawasikiliza, na kuna neno lao moja la kuruka mambo yote kwa mara moja.

"Itifaki imezingatiwa," nikasema. "Wapeni watoto maji."

Hakuna aliyekwenda kuchukua maji.

"Ndiyo hiyo tu?" ikaninong'oneza maikrofoni.

"Ndiyo hiyo tu."

"Hujasema kwamba wao ni taifa la kesho."

"Kesho wataifikaje, leo hawajanywa maji?"

Ratiba akapiga kelele. Vipengele vilikuwa vinamdondoka mwilini, cha pili, cha tatu, cha nne, vinaanguka kwenye nyasi, naye anaviokota na kuvibandika, vinaanguka tena. "Tisa imetangulia!" alikuwa analia. "Tisa imetangulia!"

Mezani palikuwa na chupa za maji, kila moja imevishwa kitambaa cha karatasi kama sketi. Nikakamata moja.

"Samahani," ikasema chupa, "sisi ni wa meza kuu."

"Na mimi ni wa meza kuu," nikaijibu, nikaifungua shingo.

Nikakimbia. Sekela alikuwa amebaki macho tu. Mdomo ulikuwa mstari uliochorwa. Nikaumiminia maji. Rangi ya waridi ikaanza kuchuja, ikatiririka kidevuni, ikanijaa viganjani. Karatasi ikalainika. Mdomo ukafunguka kidogo, nikaona jino moja, jino lake kabisa. Nikamimina tena.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba karatasi ikilowa huchanika.

Bega lenye pini likaanza kuachia, uzi kwa uzi. Nikiendelea kumimina, atachanika. Nikiacha, atakauka. Nikamkumbatia kwa mikono miwili ili asiangukie upande wowote, chupa nimeibana kwa kidevu, na nyuma yangu nikamsikia Bwana Mwakalobo anauliza:

"Mheshimiwa, tuendelee na utambulisho?"

Nikaamka kwa kelele zangu mwenyewe.

Kumeshapambazuka. Leo ndiyo Jumamosi ya tamasha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa kamati katika kundi la wazazi: "Watoto wote wa halaiki wafike saa mbili kamili bila kukosa. Mgeni rasmi anatarajiwa saa sita." Nikaandika: "Sekela atafika saa sita." Wazazi thelathini wakasoma. Mama Lusajo akatuma kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi.

Sekela akatoka chumbani. Hakuamkia. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akateka kikombe, akakimaliza amesimama. Akateka cha pili. Akateka cha tatu.

"We Sekela, kulikoni?"

"Kiu tu, mama."

Sketi za karatasi hajawahi kuja nazo nyumbani, zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na jana jioni nilimwogesha mimi mwenyewe kwa sabuni. Akamaliza kikombe cha tatu, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na mkono ukawa wa waridi.

Nikamtekea cha nne. Kisha nikaanza kutafuta ndoo kubwa yenye mfuniko, maana watoto wa halaiki wako themanini na wawili.