Diski Zilizopumzika Jumamosi

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota, na niliota kwa sababu nililala na hasira, tena nimevaa sweta.

Kwanza mjue hasira yenyewe. Mimi ni Atupele, mtunza kumbukumbu wa redio yetu ndogo hapa Tukuyu. Kila kilichowahi kusemwa hewani kimo kwenye mashine moja yenye diski ishirini na nne, ndani ya chumba chenye feni. Marehemu baba yangu, Mzee Anyitike, alisoma matangazo ya vifo kwa miaka kumi na mmoja, na sauti yake imo humo, haipo penginepo popote duniani. Nakala ilikuwepo. Tuliiweka kwenye diski nyingine, ndani ya mashine ileile. Msicheke.

Mashine hiyo ina ada. Ukilipa kila mwaka, watengenezaji wanakupa sasisho, yaani programu mpya inayokaa ndani kabisa ya diski, kila mafundi wao wanapogundua kasoro. Usipolipa hupewi. Mwaka wa kwanza ulikuwa ndani ya bei. Wa pili, mimi kwa mdomo wangu nilimwambia meneja, "Bosi, tulipie tena kitu tulichokwisha nunua? Tumerogwa?" Akacheka, tukauruka mwaka. Tukaruka wa tatu. Tukaruka na wa nne.

Ijumaa asubuhi habari zikatufikia. Redio jirani, walionunua mashine kama yetu siku moja na sisi, diski zao zote zimekufa Jumatano kwa mpigo. Kumbe diski za aina ile zikitimiza saa elfu arobaini za kazi zinakufa, isipokuwa zile zilizopewa sasisho. Nikapiga hesabu kwa kalenda, nikaona na sisi tumeshapita siku mbili. Fundi wa Mbeya akaniambia kwa simu, "Usiiguse, usiizime, ikizimwa huenda isiwake tena, nakuja Jumatatu." Nikakaa mbele ya mashine siku nzima namsikiliza baba akiguna ndani ya feni.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Tusekile akaja akaizima.

Huyu ndiye mshika ufunguo wa chumba. Aliajiriwa kufagia, akajifunza mashine kwa kuwauliza mafundi maswali mpaka wakamkimbia. Ni Msabato. Kila Ijumaa kabla ya magharibi huizima, Jumamosi jua likizama huiwasha, nasi siku hiyo tunatangaza bila kumbukumbu. Nilimsihi. Nikamfokea. "Mwanangu, Sabato ni Sabato," akasema, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Ikikataa kuwaka," nikamwambia mgongoni, "utakuwa umemuua baba yangu mara ya pili."

Hakugeuka. Akaenda zake.

Basi nikalala na sweta la baba, lile lenye vifungo vya kahawia isipokuwa cha juu, cha kijani, alichokishona mwenyewe studio kwa uzi mweupe kati ya tangazo na tangazo.

Ndotoni ni asubuhi na niko ndani ya chumba cha mashine. Feni imenyamaza. Diski zote ishirini na nne zimetoka kwenye kabati, zimekaa kwenye benchi refu kama akina mama siku ya kliniki, kila moja na kadi yake mkononi. Hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna iliyonisalimu.

"Hamjambo?" nikasema.

"Sisi ni wakubwa kwako," ikajibu diski ya kumi na saba. "Amkia vizuri."

"Shikamooni."

"Marahaba," ikasema ya kwanza. "Marahaba," ya pili. Zikaitikia moja moja, nami nikasubiri, maana si adabu kuondoka kabla mkubwa hajakuitikia. Ya tisa ilichelewa sana. Ile ya kumi ikaniambia nivumilie, mwenzao amebebeshwa mikutano yote ya baraza la madiwani.

Kisha ile ya kumi na saba ikakohoa. Jamani, kikohozi kile! Kikavu, mara mbili, halafu kimya kidogo. Ndivyo baba alivyokohoa kabla ya kutaja jina la marehemu.

"Ninaye," ikasema diski. "Yuko salama, anasubiri zamu yake. Lakini mimi sijui nitamshika mpaka lini. Hatujapata sasisho."

"Liko wapi?"

"Kwa Mhuri. Nenda kabla hajafunga dirisha."

Nafungua mlango wa chumba na niko kwenye banda la kupimia majani ya chai ninalolijua. Mizani ni ileile, ndoano ileile, ukungu uleule. Nyuma ya dirisha amekaa Mhuri, mhuri wa mpira wenye mpini wa mti, amefunga tai.

"Nimekuja kuchukua sasisho," nikamwambia.

"Mkataba?"

"Uliisha."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

Akapekua daftari bila kunitazama. "Mmeruka miaka mitatu. Ilete."

"Kiasi gani?"

"Mimi nimetaja hela, dada? Nimesema uilete miaka. Siwezi kukupa dozi ya mwaka wa tano na wa pili, wa tatu na wa nne hamkuipokea. Mmeiacha huko nyuma. Kaichukueni."

Nikaona anasema kweli. Nikauliza kama kuna mkokoteni, akasema hakuna.

Miaka ilikuwa kwenye stoo ya mama yangu, imefunikwa kwa magunia. Ni mikungu mitatu ya ndizi, na kila ndizi ni siku. Mkungu wa kwanza niliubeba kichwani bila shida, ulikuwa mwaka wa kawaida, mvua na vikao. Wa pili niliufunga mgongoni. Wa tatu ndio ulionitoa jasho, maana huo ni mwaka aliofariki baba. Niliutua njiani mara mbili. Mara ya pili nikakaa kando yake nikalia, kisha nikajipangusa, nikaubeba tena. Nani mwingine angeubeba?

Nafika dirishani nahema. Mhuri anautundika mkungu wa kwanza kwenye ndoano, anauzungusha, anauzungusha tena.

"Huu mmeula," akasema.

"Haki ya nani sijagusa hata moja!"

"Njoo utazame. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Pengo. Sita nyingine. Pengo." Akautundika wa pili, kisha wa tatu. "Kote hivyohivyo. Kila ya saba haipo, na wala haikung'olewa. Haikuota kabisa. Nimekaa dirishani hapa tangu nichongwe, watu wananiletea miaka mibichi, miaka iliyooza, mmoja aliniletea mwaka wa jirani yake. Miaka yenye mapengo yaliyopangika hivi sijapata kuiona."

Hapo ndipo kichwa kikanifunguka. Nikashika ukuta wa banda.

"Ni Mama Tusekile," nikasema.

"Ni ugonjwa?"

"Ni mtu. Ni mshika ufunguo wetu. Anasema kilicho chini ya mkono wake hakifanyi kazi Sabato, awe ng'ombe, awe mgeni, iwe mashine. Kila Ijumaa jioni anazizima, Jumamosi jioni anaziwasha."

"Kila wiki?"

"Hajakosa hata moja. Siku ya msiba wa mdogo wake alitoka matangani, akazizima, akarudi matangani."

"Nanyi mmemfanyia nini mtu huyo?"

"Tumempa barua za onyo. Tatu."

"Aliziandika nani?"

"Mimi."

Mhuri akasimama. Hana miguu, lakini alisimama, na sikumuuliza alisimamia nini. Akavua tai, akaikunja, akaiweka mezani.

"Dirishani hapa sijawahi kusimama kwa ajili ya mtu," akasema. "Njoo ndani."

Ndani hakuna banda. Ni chumba kirefu chenye mwanga wa mchana, na watu wamekaa safu kwa safu, kila mmoja amebandika sikio kwenye diski kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Hakuna anayeongea. Mmoja anainua kidole, mwingine anaandika, wa tatu anafuta na kuandika upya. Mbele kabisa ni mama mmoja wa makamo, miwani yake ameifunga kwa uzi, macho mekundu.

"Hawa ndio wanaoandika sasisho," Mhuri akaninong'oneza. "Yule ndiye aliyeisikia ile kasoro ya saa elfu arobaini. Aliisikia ikiwa bado mbali, kwenye diski ya watu asiowajua, katika mji ambao hatafika maisha yake. Miezi saba hakuacha kuitafuta mpaka akaipata."

Mimi nilifikiri ada yetu inakwenda kwa mtu mnene anayezunguka kwenye kiti. Nilisimama pale na aibu yangu, nikawastaajabia. Walikuwa wanasikiliza na diski zetu. Niliiona ya kumi na saba, sikio la kijana mmoja limeganda juu yake, anatabasamu. Alikuwa anamsikiliza baba.

"Mama," Mhuri akamwambia yule wa miwani, "kuna mtu Tukuyu anazipumzisha."

Kalamu zikasimama.

"Anazipumzisha vipi?"

"Anazizima siku moja kwa juma. Zinalala."

Yule mama akavua miwani. "Mimi nimehangaika kuziongezea pumzi, kumbe yupo mtu amekuwa akizipa kila Jumamosi na hakumwambia mtu." Akaniuliza jina, akaliandika kwenye kiganja chake, Mama Tusekile, akakifumba. Kisha akaisogelea diski yetu, akasikiliza. "Thelathini na nne elfu, mia tatu na kumi na tisa. Hizo ndizo saa zenu. Wenzenu waliofika elfu arobaini hawakulala hata siku moja. Nyinyi mna miezi tisa."

Nikapiga kigelegele. Kilitoka chenyewe. Chumba kizima kikaniambia, "Shhh."

"Basi nipeni sasisho," nikasema.

"Mkataba?" akasema Mhuri. Alikuwa ameshaivaa tai yake.

"Si umesimama kwa heshima sasa hivi!"

"Nimesimama kwa ajili yake yeye. Wewe bado una mkataba ulioisha." Lakini alisema kwa upole. "Acha arabuni. Kitu chako, kinachokuuma kukiacha, nijue kwamba mtarudi. Kampe anayekusubiri."

Nilijua ni kipi kabla hajamaliza. Nikakishika kifungo cha kijani, nikakivuta, uzi mweupe wa baba ukalia nyii, ukakatika. Nageuka na niko tena mbele ya benchi la kliniki. Nikaiwekea diski ya kumi na saba kifungo kile mkononi.

Ikakohoa mara mbili, kikavu. Kimya kidogo. Nikajiandaa kusikia jina.

"Ndugu wasikilizaji," ikasema sauti ya baba yangu, taratibu, kila neno mahali pake. "Leo hakuna tangazo la kifo."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na kengele za Wasabato zinalia kwa mbali. Nililala kitandani nikicheka na kulia kwa pamoja, kama mwehu. Nilipoinuka kutia maji jikoni ndipo nikaona sweta limeachia shingoni. Vifungo vya kahawia vilikuwepo vyote. Cha juu hakikuwepo, na uzi mweupe ulikuwa umening'inia, umekatika. Nikapekua shuka, nikasogeza kitanda, nikafagia chumba mara mbili. Wapi!

Siku ile ilikuwa ndefu. Sikumpigia Mama Tusekile, ningempigia niseme nini? Alikuwa kanisani, na mimi ndiye niliyemtupia maneno yale mgongoni. Nilikaa nayatafuna peke yangu mpaka jua likazama.

Saa moja kasoro simu ikalia.

"Mwanangu Atupele," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama vile sikumwambia kitu. "Imewaka. Zote ishirini na nne."

Nikaibana simu sikioni.

"Umenisikia? Taa zote kijani. Baba yako mzima."

"Mama, naomba unisamehe."

"Ah, yameisha hayo. Ulikuwa na hofu."

"Mama, kwenye kioo hapo pameandikwa saa ngapi? Saa za kazi. Nisomee."

Nikamsikia anasogea, anatafuta miwani. "Thelathini na nne elfu... mia tatu... na kumi na tisa. Kwani vipi?"

Nikakaa chini, palepale sakafuni. Nikamwambia kwamba Jumatatu nitazichana barua zote tatu mbele ya meneja, kisha nitamkalia mezani mpaka ada ilipwe, pamoja na ile ya miaka tuliyoiruka. Nikamwambia amezinunulia diski miezi tisa kwa Jumamosi zake, na akanikatiza, akasema yeye hajanunua kitu, amepumzisha tu kilichochoka.

"Lakini kuna jambo limenitatiza," akaendelea. "Mlango nilifunga mwenyewe, na ufunguo nimelala nao. Nimefungua kabati nipanguse vumbi, nakuta kifungo cha sweta juu ya ile diski ya kumi na saba. Cha kijani, kina uzi mweupe. Si chako hiki? Nikuletee?"

"Kiache hapohapo, Mama," nikasema. "Ni arabuni."