Boriti ya Barazani

Fundi Msasa hakuwahi kutoa kitu karakanani mwake bila kukipiga msasa, na jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Hata vigingi vya kufungia mbuzi alivilainisha. Mkewe alisema mzee huyu akifa atafufuka kidogo alainishe jeneza kwanza, naye mwenyewe hakukataa.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye binti yake alimwagiza vibao vya nyuki. Tena kwa simu!

Binti alikuwa mtafiti wa wadudu wanaochavusha mazao. Kutwa alikuwa kwenye mashamba ya watu, daftari mkononi, akihesabu nani ametua kwenye ua gani. Miaka miwili alilinganisha mashamba yenye vichaka na magogo makavu na yale yaliyofyekwa yakabaki uwanja mtupu, na alichokiona hakikuwa na ubishi. Palipobaki mti mkavu, palikuwa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Palipokuwa na hao, pesheni ya njano ilizaa. Nyuki wa asali huja pia, lakini kwa ua lile ni mdogo mno, anachota chake na kuondoka. Mweusi yule mnene akiingia, mgongo wote unajaa chavua, na akifika ua la pili anaipaka panapotakiwa.

Kilichobaki ni kuthibitisha. Arudishe mbao kwenye shamba lisilo na nyuki, aone kama matunda nayo yatarudi. Wakulima tisa walimcheka. Wa kumi alikuwa Mama Pesheni, mwanamke mwenye mdomo mkali na shamba safi kuliko sebule za watu. Nguzo zake zote zilikuwa za zege na hukuona hata kijiti kikavu. Kila adhuhuri maua yanapofunguka alipita mstari kwa mstari na brashi, akifanya kwa mkono kazi ya nyuki, kiuno kikimlilia.

"Nakupa msimu huu wa maua," alimwambia mtafiti. "Ukiisha sijaona kitu, nang'oa yote, napanda mahindi. Mahindi hayaniombi brashi."

Na Mama Pesheni akisema, amesema. Shamba likienda, utafiti nao umekwenda, kwa sababu hakukuwa na mkulima wa kumi na moja.

Basi mtafiti alimtumia baba yake mchoro wa vibao ishirini na vinne, mbao laini, kavu, kila kimoja na tundu la kuwaanzishia nyuki makao, akamwomba avipeleke shambani mwenyewe. Yeye akaenda kumalizia hesabu kwenye mashamba ya mbali. Aliporudi majuma matatu baadaye na kuingia shambani kwa Mama Pesheni, alivikuta vimeshafungwa kwenye nguzo.

Vibao vilimeremeta. Kila pembe ilikuwa imezungushwa, kila tundu limelainishwa mpaka ndani, na vanishi ilikolea hata ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Nyuki? Hata wa dawa. Mama Pesheni alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye vikonyo vya maua arobaini asiyoyagusa kwa brashi. Mawili tu ndiyo yaliyoshika tunda.

"Baba yako bingwa," alisema. "Humo hata mimi ningehamia. Lakini siku zimebaki kumi na mbili, mwanangu."

Mtafiti alimkuta baba yake karakanani, maranda yamemfika vifundoni.

"Umeviona?" Uso wa mzee ulichanua. "Vanishi mikono mitatu! Na chini yake dawa ya mchwa. Mdudu hasogei."

"Ndiyo, baba. Hasogei."

Mzee aliishusha randa. Lilimwingia polepole, na lilipomwingia aliketi juu ya rundo la mbao kama aliyesukumwa.

"Nimekuharibia," alisema.

"Mimi ndiye sikueleza vizuri."

"Usinifunike, mama. Nimekuharibia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nitatengeneza vingine leo leo. Vibaya. Wewe niambie tu, vibaya kiasi gani."

Mtafiti alicheka. Alimpenda sana baba yake saa ile, na alimwonea huruma, na alijionea huruma mwenyewe pia. Alimweleza kwamba nyuki wangehitaji muda mrefu kuvigundua vibao vipya, wavitoboe, wazoee. Siku kumi na mbili zisingetosha hata kidogo.

Mama yake, aliyekuwa akinywa chai barazani, alipaza sauti.

"Nyie watu mna vituko! Nyuki wenyewe si hawa hapa? Kila siku wananimwagia unga wa mbao kwenye kikombe!"

Wote wawili walitoka wakatazama juu. Boriti ya mbele ya baraza, ya mbao laini, ilikuwa na matundu saba ya duara, mengine yenye makovu ya gundi ambayo mzee aliyazibia mwaka hadi mwaka bila kushinda vita. Nyuki mmoja mweusi alijitokeza, akawachungulia, akarudi ndani. Loh! Mtafiti mzima, miaka yote anawasaka nyuki kwenye mashamba ya watu, na kwao alikuwa akinywa chai chini yao.

"Hiyo ndiyo inayobeba baraza," alisema mzee.

Mzee aliizunguka boriti mara mbili, akaigonga kwa kidole, akapitisha jicho kwenye tundu moja.

"Duara kamili," alinung'unika. "Bila keekee ya kutobolea, bila kipimo." Kisha akamgeukia binti. "Hawa huwa ndani saa ngapi?"

"Jua likizama wote huingia. Alfajiri bado hawajatoka."

Alfajiri iliyofuata waliegemeza paa kwa nguzo mbili. Mtafiti aliziba matundu kwa vitambaa, mzee akakata kwa msumeno taratibu, akiuvuta kama anayeogopa kuamsha mtoto. Walipoipakia boriti kwenye mkokoteni, binti alimkamata ana msasa mkononi.

"Baba!"

"Nalainisha nilipokata tu, isikuchome."

"Baba."

Akaurudisha mfukoni. Mkewe, akilitazama baraza lililoinama upande, alisema sasa nyumba inafanana na mwenyewe.

Kutoka nyumbani hadi shambani ulikuwa mwendo wa saa nzima, mbali vya kutosha nyuki wasirudi walikotoka. Waliifunga boriti kati ya nguzo mbili za zege, kivulini, wakatoa vitambaa. Nyuki wa kwanza alitoka, akageuka, akalitazama tundu lake, akayumba kulia na kushoto akiikariri sura ya mahali, kisha akapotea. Mtafiti alingoja roho mkononi. Robo saa ilipita.

Nyuki akarudi, miguu imejaa chavua, akaingia tundu lile lile.

"Huyo!" Fundi Msasa alipiga kofi kwa nguvu hata Mama Pesheni akaja mbio. Kwa siku zilizofuata mzee hakukosekana shambani, akidai anakagua kazi. Mama Pesheni alifunga nyuzi mpya kwenye maua arobaini, akaapa hayagusi.

Siku ya mwisho alipita mstari kwa mstari, akishika uzi mmoja mmoja.

"Huu mtupu. Huu umeshika. Huu umeshika. Na huu, ona!" Alipomaliza alirudi mwanzo, akahesabu tena. "Ishirini na saba," alisema. "Mimi na brashi yangu, siku nikijitahidi, sifiki ishirini." Akaitazama boriti ile kuukuu yenye matundu na gundi. "Sing'oi kitu. Na upande wa chini wa shamba je, hamna boriti nyingine?"

Mtafiti alifungua daftari, lakini mistari ilikuwa inaelea na kalamu haikujua pa kushuka. Baba yake alilichukua taratibu, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Ishirini na saba kati ya arobaini," alisema, akiandika kwa tarakimu kubwa za fundi. "Wewe lia tu, mama. Hesabu ninayo mimi."