Taa Nyekundu ya Leipzig

Hartmut alikuwa mume mwema, mtu wa kufuata sheria hata zile ambazo hazijatungwa. Ndiyo maana walipopanda treni ya Leipzig pale Stuttgart na kukuta behewa tupu kabisa, isipokuwa bikizee mmoja aliyekalia kiti chenye namba ya Hartmut, alimwinua.

"Viti viko tele, mzee wangu," mkewe Roswitha alimnong'oneza.

"Hiki ndicho nilichokatia tiketi."

Basi wakakaa. Hartmut akamenya yai la kuchemsha, akaanza kuisema Leipzig. Alifika huko mara moja tu, kuchumbia, mwaka mmoja baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, akaona moshi wa makaa na nyumba zinazobambuka rangi. Kwa safari hiyo moja akawa bingwa.

"Mji ule ni maiti, bibie. Siku hizi wameupaka poda tu."

Roswitha alizaliwa kwenye maiti hiyo. Mama yake alisokota pamba kiwandani huko mpaka vidole vikakataa kunyooka. Sasa kiwanda kimegeuzwa makazi, na nyumba moja ilikuwa wazi. Wakala wa nyumba alishasema: miadi ya kuiona ni saa sita mchana, na atakayechelewa asijisumbue kubisha hodi. Hartmut naye aliahidi mbele ya watoto wao kwamba wakiipata, watahamia. Ahadi ilimtoka kirahisi, maana alijua hawataipata.

Karibu na Erfurt treni ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ya kwenye spika ikaomba radhi, kisha ikaomba radhi kwa kuchelewa kuomba radhi. Hartmut, ambaye siku nyingine angekuwa ameshaandika malalamiko, leo alijimiminia kahawa.

"Kawia ufike," alisema, na Roswitha alitamani kummwagia hiyo kahawa.

Walifika Leipzig saa sita ikikaribia; tramu, treni ya mitaani, ikawashusha Plagwitz, mtaa wa utoto wa Roswitha. Palipokuwa pakiuzwa makaa, vijana wenye ndevu walikuwa wanakunywa kahawa na kujiita wasanii. Kiwanda kilikuwa palepale, ng'ambo ya barabara. Ila barabara yenyewe haikuwepo: ilikuwa imefungwa huku na huku na kuchimbwa, na mafundi walikuwa wameweka ubao wa kupita watu juu ya mtaro wa mabomba. Taa ya waenda kwa miguu tu ndiyo iliyosahaulika, ikiwaka nyekundu.

Hartmut akasimama.

"Gari litatokea wapi," Roswitha aliuliza, "ndani ya bomba?"

"Nyekundu ni nyekundu."

"Imeharibika, Hartmut. Haitabadilika hata tukizeekea hapa."

"Watoto watatuona, wataiga."

Mtoto hakuwepo. Palikuwa na paka, naye alivuka.

Kengele ya kanisa ikaanza kugonga saa sita. Miaka zaidi ya thelathini Roswitha alikuwa amesimama na mwanamume huyu kwenye kila taa, mkono wake ndani ya wa mumewe. Akauchomoa mkono, akapita juu ya ubao. Nyuma yake Hartmut alimwita kwa jina lake lote, na la ukoo juu yake.

Kwenye ghorofa ya tatu wakala, binti mwenye haraka, alimfungulia mlango.

"Chumba cha kulala ni kimoja tu, mama. Mtatosha wawili?"

Roswitha akaenda dirishani. Chini, Hartmut alikuwa bado amesimama na begi lake, akiitazama taa. Alimwonea huruma, si haba.

"Kinanitosha," alisema, akaomba kalamu.