Leso ya Vivian

Ijumaa jioni Vivian alipiga nguo pasi kana kwamba anazigombeza. Alipitisha pasi kwenye kila mshono wa suruali, kwenye kola na kwenye pindo la sweta, maana anayekaa chumba kimoja cha mtaa wa Pipeline, Nairobi, na kunguni anajua wanakojificha. Kesho yake akina mama wa kwaya walikuwa wanakwenda kutembea msituni, kule juu ya Limuru, na Waithera angekuwepo. Waithera alikuwa na nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Tassia, kimoja kitupu, na alikuwa amemwambia Vivian ahamie mwisho wa mwezi. Habari ya kunguni haikutajwa. Nani angeitaja? Mtu atakwambia ana kisukari, atakwambia hata mumewe amemtoroka, lakini kunguni atazikwa nao.

Leso yake ya kujifunga aliisahau kuipiga pasi. Ilikuwa chini kabisa ya mkoba, na mkoba wenyewe huangikwa msumarini juu ya kitanda.

Msituni mvua za masika zilikuwa zimelowesha njia, na siafu walikuwa wametoka kwa wingi. Wote waliambiwa waingize suruali ndani ya soksi. Waithera, ambaye hata shambani atataka kupendeza, hakuingiza. Alisimama kujipiga picha, na hakuangalia amesimama wapi.

"Wananiuma! Ngai, wamefika juu!"

Akina mama walimzunguka wakiwa wamemgeuzia mgongo, suruali ikavuliwa papo hapo. Vivian alichomoa leso mkobani, akamfunga kiunoni, kisha akapiga magoti kumbandua siafu mmoja mmoja miguuni. Waithera alicheka na kulia kwa pamoja. Akauona mkono wa Vivian, uliojaa vipele vyekundu vilivyopangana.

"Kumbe na wewe wamekumaliza hivyo!"

"Wameniuma sana," Vivian akasema, na uso ukamwaka moto.

Walipumzika kwenye magogo. Waithera, bado amejifunga leso, alifungua ndoo ya chapati alizoamka alfajiri kuzipika. Mukami, yule mwenye sauti ya juu kwenye kwaya na nje ya kwaya, alinyoosha mkono akauacha hewani.

"Hiyo ni nini hapo kwa leso?"

Kilikuwa kidudu bapa cha rangi ya kahawia, kinatembea polepole gotini kwa Waithera. Mukami alikibonyeza kwa kijiti, na harufu ikatoka. Hakuna hata mmoja pale aliyehitaji kuambiwa ile ni harufu ya nini.

"Kunguni! Wueh! Waithera, kumbe huko Tassia mnafuga?"

Walicheka mpaka wakashikana. Waithera aliitazama leso, kisha akamtazama Vivian. Hakumtazama kwa muda mrefu.

"Wako kila mahali siku hizi," akasema. "Kuleni, jamani."

Hakuna aliyekula. Mmoja alisema amefunga, mwingine akasema ameshiba. Ameshiba nini, na wamepanda mlima kwa chai kavu? Mukami aliuhamisha mfuko wake gogo lingine. Vivian aliwaza kile chumba cha Tassia, dirisha linaloingiza jua, usingizi wa kulala mpaka asubuhi. Aliona aibu, na bado akanyamaza.

Waithera alifunika ndoo. Akaifunua tena. "Kuleni basi. Nimekandia maziwa."

Hapo Vivian akashindwa.

"Leso ni yangu," alisema, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie. "Leso ni yangu. Kunguni ametoka kwangu, Pipeline. Hata hivi vya mkononi si siafu."

"Woiye, Vivi," Mukami akasema, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya ndoo. Alichukua mbili. Wengine wakafuata, aliyefunga na aliyeshiba, na gogo la Vivian likabaki na Vivian peke yake.

Waithera alikuja na chapati mbili za mwisho, akamwekea mkononi, akaketi karibu naye.

"Na chumba?" Vivian akauliza, akajichukia kwa kuuliza.

"Kunguni wana dawa. Mimi nimekaa Pipeline, nawajua. Ungeniambia, tungechemsha hizo nguo pamoja." Waithera alifungua fundo la leso taratibu. "Lakini nimewaomba watu kula, mara mbili, na wewe umekaa hapo unanitazama."

Alivaa suruali yake ingali imelowa tope la njiani, akaikunja leso vizuri, akamrudishia, akaondoka kushuka mlima na Mukami.

Vivian alifuata nyuma yao akila chapati. Zilikuwa za maziwa kweli.