Mpanda Farasi wa Kumi na Mbili

Nilimwambia mume wangu Liévin: beseni hilo usiliingize nyumbani. Alinisikia wapi! Mwanaume akishasifiwa na Mzungu kwa kazi ya mikono yake, masikio yanaziba.

Lilikuwa beseni la shaba la Waarabu wa kale, kutoka Mosul, alisema yule Mzungu mfanyabiashara aliyetuletea hapa mtaani Kamalondo. Ukingoni walizunguka wapanda farasi kumi na wawili, nyuso zao zimepachikwa fedha, kila mmoja na mwewe wake wa kuwindia. Wa kumi na mbili fedha ilikuwa imebanduka, akabaki bila uso. Liévin alitakiwa kumpa uso mpya kabla ya Jumamosi.

Baba yake, mfua shaba wa Kambove, alimfundisha hivi: uso unauchonga popote, lakini macho unayatoboa ukiwa nje ya nyumba, peke yako, pasipo mtu mbele yako. Siku ile mvua ilinyesha kutwa. Liévin akafanyia kazi mezani, na mbele yake alikaa binti yetu Laurentine, anakula bukari, ugali wetu. Akatoboa macho. Nilipoangalia, loo, ni Laurentine mtupu!

"Nimemupenda tu mutoto wangu," akacheka.

Kesho yake mtoto akaamka na homa. "Mama, farasi zinakimbia. Banasema nipande." Mtoto ambaye hajaona farasi hata siku moja!

Nikachukua patasi, nikakibandua kile kipande cha fedha chenye uso. Homa ikashuka, akaomba uji. Nikapiga magoti kumshukuru Bikira Maria. Saa kumi jioni mwili ukawaka tena.

"Mama, farasi moja haina muntu. Iko ku mulango."

Liévin alikuwa analia. "Nilikosa, Mama Laurentine. Nilikosa."

"Acha kulia, kamata nyundo. Weka sura yangu."

"Hapana!"

"Mutoto anakufa, we!"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Niliogopa, nisidanganye. Lakini sikupepesa macho mpaka nyundo ilipogonga mara mbili.

Jumamosi mfanyabiashara alichukua beseni lake, akausifu sana ule uso. Laurentine sasa anaruka kamba uani, mzima kabisa. Mimi napepeta unga jikoni, na Liévin hathubutu kuniangalia. Tangu asubuhi nasikia kwato barabarani. Sasa hivi Laurentine ameingia kuniuliza kwa nini nimevaa viatu vya misa, na leo ni Jumatatu.