Aliyeosha Glasi

Basi bwana, tangu wakiwa kwenye basi, Elinaza alimpa mama yake sharti moja tu, tena kwa Kiingereza chake cha kila siku: darasani asijulikane kwamba ni mwanawe. Asumpta akasema sawa, lakini roho ilimuuma. Miaka yote ile kwenye maabara ya uchunguzi wa jinai, halafu binti wa kumzaa mwenyewe amwonee aibu!

Walifika mapema shuleni, kule Agincourt ughaibuni walikohamia. Mwalimu Shenaz, aliyemwalika awafundishe wanafunzi kusoma alama za vidole, alikuwa ameshaandaa mchezo: "mwizi" wa keki kanywa juisi, kaacha alama zake kwenye glasi. Shenaz akatoka kuwaita wanafunzi, na Elinaza akamfuata mbio. Asumpta akabaki anapanga brashi na unga mweusi, mara akaiona glasi chafu kando ya sinki. Mikono ya mama wa Kimoshi haijui kutulia. Akaminya chupa ya sabuni, akaiosha, akaifuta, akaifudikiza juu ya kitambaa.

Ndipo akakumbuka. Mungu wangu! Mtaalamu mzima kaosha ushahidi!

Wanafunzi wakaingia, Elinaza akajibanza nyuma kabisa. Asumpta akakaza uso.

"Kuna mtu kaharibu ushahidi," akawaambia. "Yumo humu humu. Mtafuteni."

Weee, darasa lilichangamka hilo! Wakapaka unga kwenye chupa ya sabuni, wakanasa alama kwa selotepu, kisha kila mtu akachovya vidole kwenye wino, Mwalimu Shenaz na mgeni wakiwemo. Pua zote nyeusi tii. Asumpta akazunguka akiwaonyesha mistari inavyojikunja, na raha aliyoisikia ikamsahaulisha hata kosa lake.

Aliyegundua ni Elinaza. Alama ya dole gumba, kovu la kisu limeikata katikati. Akailinganisha mara ya pili, akamtazama mgeni, kicheko kikamponyoka.

"Ni yeye! Huyu hata chai hujaimaliza, kikombe keshakiosha."

"Wewe umejuaje?" akauliza Alykhan, aliyekaa naye dawati moja.

Darasa zima likamgeukia.

"Kwa sababu ni mama yangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi koridoni.

Asumpta, ambaye mawakili humbana kwa maswali mahakamani asitetereke, siku hiyo alijifuta machozi kwa vidole vyenye wino, akajipaka uso mzima.