Mume wa Foleni

Siku ya kuanua matanga ya Recho, mke wa Albano, mjomba Jonas alisimama mbele ya ndugu wa pande zote mbili akatoa sharti, na hakuna aliyelipinga. Mtoto Mauwa, ambaye wakati huo alikuwa na wiki tano duniani, angebaki Dar na baba yake. Ila siku Albano atakapoingiza mwanamke mwingine ndani, siku hiyohiyo mtoto angepelekwa Masasi kwa bibi yake. Mtoto wa dada yake, alisema mjomba, halelewi na mama wa kambo. Albano akajibu, "Sawa." Siku zile alikuwa akijibu sawa kwa kila kitu, hata alipoulizwa kama amekula au hajala.

Sasa ulikuwa umepita mwaka na miezi saba, naye alikuwa bado anajibu sawa. Ganzi iliyomwingia siku ya mazishi haikutoka. Ukiwahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi utamwelewa: unaukanyagia, unakubeba, lakini huuhisi kama ni wako. Alfajiri alichemsha maji, akakoroga uji wa ulezi, akauchuja, akambeba mtoto kutoka Kiwalani mpaka Mwenge kwenye kibanda anakochonga vinyago. Mauwa alikaa juu ya kanga katikati ya maranda ya mninga, akitafuna masikio ya twiga ambaye hajapakwa rangi. Jioni Albano alimwogesha namna ileile anavyompiga msasa twiga, nyuma ya masikio, shingoni, katikati ya vidole, bila kuruka mahali.

Wanawake wa mtaani walimsifu mpaka basi. Huyo ndiyo baba, walisema, wengine wetu tuna mapambo tu ndani ya nyumba. Albano alizisikia sifa hizo akajiona tapeli. Alijua anachokifanya, na alijua kwamba hakuna kitu ndani yake kinachokwenda pamoja na mikono. Hakumchukia mtoto. Hakumpenda pia, au kama alimpenda, upendo wenyewe haukuwahi kumfikia akauona.

Mwezi huo mama mkwe wake, Bi Rosalia, alikuja kumwona mjukuu, na mfuko wa korosho begani. Albano alimpa kitanda, yeye akalala sebuleni. Hakukaa naye mkeka mmoja wala kumtazama machoni, maana alilelewa hivyo kwa wakwe. Siku ya tatu ikawa siku ya kliniki, akambeba mtoto akaenda.

Pale zahanati kuna utaratibu unaojulikana na kila mama: anayekuja na mume hapangi foleni. Uliwekwa ili kuwavuta wanaume, na kweli umewavuta, tatizo ni kwamba si wote ni waume. Wapo vijana wa bodaboda hapo nje ambao ikifika saa nne asubuhi wameshakuwa baba wa watoto wanne. Kwa hiyo Albano alipoingia getini na Mauwa begani, akiwa mwanaume pekee mwenye mtoto wa kweli, mwanamke mmoja mwenye kichanga mgongoni alimfuata mbiombio.

"Kaka, samahani," alisema. "Naomba niingie na wewe. Nimemwachia jirani maandazi yangu, nikipanga foleni hii hadi saa saba yatalala yote. Ishu ya dakika mbili tu."

"Sawa," alisema Albano.

Basi wakaingia. Nesi alisoma kadi ya kwanza, Mauwa, akasoma ya pili, Anwar, mama yake Vaileth, kisha akavua miwani. Alikuwa na sauti ya kufika barabarani.

"Huyu miezi ishirini, huyu miezi mitatu! Baba, umempumzisha mwenzio kweli? Hujasikia uzazi wa mpango, wewe?"

Vaileth aliinama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika kwa kicheko. Huko nje benchi zima liliangua kicheko.

"Haya, baba, huyu mdogo ananyonya vizuri?"

"Sijui," alisema Albano.

"Hujui! Kuzaa unajua!"

Angeweza kusema pale pale. Lakini kusema kungetaka maneno kumi na tano hivi, na kwa Albano maneno kumi na tano yalikuwa gogo zima la kunyanyua. Mauwa akapimwa, akapewa matone yake, wakatoka. Mlangoni alisimama Bi Rosalia na chupa ya uji ambayo Albano aliisahau nyumbani. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

Hakusema neno mbele za watu, yule mama. Alisubiri mpaka nyumbani, na Albano alipoingia alikuta nguo za Mauwa zimeshakunjwa ndani ya begi.

"Mitatu ongeza tisa," alisema Bi Rosalia, bila kugeuka. "Mwaka. Mwanangu hata kaburi halijajengewa, wewe unapata mtoto na mwingine, tena unamficha. Nimeshampigia Jonas. Kesho naondoka na mjukuu wangu."

Albano alifungua mdomo. Hakuzoea kubishana na mkwe, hiyo ni kweli, lakini si hiyo iliyomfunga. Alimtazama Mauwa aliyekuwa anavua kiatu ambacho ndiyo kwanza amevishwa, akajiuliza ni kitu gani hasa atakachomnyima akimwacha aende. Kule kuna mtu atakayecheka naye. Hapa kuna mikono miwili tu.

"Sawa, mama," alisema.

Kesho yake asubuhi walikuwa Mbagala, kwenye mabasi ya kusini. Begi likaingia kwenye buti. Albano alipanda na mtoto mpaka kwenye siti, akamkalisha dirishani karibu na bibi yake, akamfunga vifungo vya sweta. Alikuwa ameshageuka aondoke. Mauwa akajisogeza kwa bibi, akaacha nafasi ndogo, akaipigapiga kwa kiganja.

"Baba, kaa."

"Sawa," alisema Albano, akakaa.

Alikaa kwa mazoea tu. Basi likanguruma. Konda akapita akigonga viti: "Wasindikizaji tushuke! Braza, unasafiri ama unasindikiza?" Albano akataka kusimama, miguu ikagoma. Mauwa alikuwa ameridhika, anachungulia dirishani, mkono mmoja umeshika suruali ya baba yake, wala hamtazami. Hakuwa na wasiwasi kwamba kuna safari ambayo baba hayumo.

"Yule mwanamke simjui, mama," alisema Albano. "Hata jina lake nililisikia nesi alipolisoma. Aliomba aingie na mimi, asipange foleni. Wanafanyaga hivyo pale, waulize."

Bi Rosalia alimgeukia taratibu. "Na jana ulikuwa wapi kuyasema hayo?"

"Mie sisikii kitu, mama. Tangu Recho. Namlisha, namwogesha, sisikii chochote. Nikaona kwako atapata mtu wa kumpenda."

"Sijakuuliza unasikia nini," alisema Bi Rosalia. "Hayo yako. Nimeuliza una mwanamke ama huna."

"Sina."

"Nitazame."

Hakuwahi kumtazama mkwe wake machoni. Alimtazama. Macho yalikuwa ya Recho, yamezeeka.

"Sina, mama."

Bi Rosalia akapaza sauti. "Konda! Lile begi jekundu ni la mtoto. Lishushwe." Akamwambia Albano, kwa sauti ya chini, "Jonas nitaongea naye mie. Shuka, gari linaondoka."

Alishuka na Mauwa begani na begi mkononi. Basi likapinda, likatoka stendi, Mauwa akalipungia. Albano akasimama vumbini akingoja furaha, maana aliona hapo ndipo mahali pake. Haikuja. Kilichokuja kilimfanya aweke begi chini na kulikalia katikati ya watu. Ilikuwa hofu. Lile basi lilikuwa limebakiza dakika mbili kuondoka, na yeye alikuwa ameshageuka ashuke. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka Mauwa akamsukuma kifua kwa viganja vyote viwili, akilalamika, na bado hakuweza kumlegezea.